Ruzuku na mikopo ya serikali kuu ya Marekani kwa barabara, madaraja na mabasi: maswali yanayorudi kila wiki

Nimeamua kuandika haya sehemu moja maana nimechoka kujibu voisi noti moja moja usiku wa manane. Naishi Columbus, Ohio, nimeendesha semi miaka kadhaa, na siku hizi huwa naitwa kutafsiri kwenye mikutano ya barabara na mabasi kwa sababu Waswahili tumekuwa wengi hapa, kuna Wakongo, Wabantu wa Somalia, Wakenya, Watanzania, Warundi, na wote tunapanda mabasi yale yale. Mimi sio mwanasheria, ila haya mambo nimeyafuatilia mpaka mke wangu ananitania.

Nimetumiwa meseji serikali inatoa "ruzuku ya usafiri" dola 50,000 kwa mwenye lori. Nijaze fomu?

Usijaze. Dada mmoja alinionesha simu yake, juu pale kuna picha ya tai wa Marekani, muhuri unang'aa, maneno ya Kiswahili yamenyooka kabisa, ukishuka chini kabisa wanataka "ada ya usajili" dola 250 kwa kadi za zawadi za dukani. Jamani! Serikali gani inalipwa kwa kadi za zawadi?

Ruzuku za usafiri ninazozungumzia hapa hazipewi mtu binafsi. Wanaopewa ni jimbo, kaunti, jiji, mamlaka ya mabasi, bandari, makabila ya wenyeji asilia. Kuomba ni bure na tovuti zake zinaishia na .gov. Mtu akikuambia umechaguliwa bila kuomba, huyo amekuchagua wewe kweli, ila sio kwa ruzuku.

Sasa hela zenyewe zinatoka wapi?

Kwako wewe dereva, kwanza. Kila galoni ya petroli ina kodi ya serikali kuu senti 18.4, dizeli senti 24.4. Ukijaza galoni 150 za dizeli umeshaacha pale pampu dola 36.60 za Washington, yaani serikali kuu, na hapo jimbo halijachukua chake (Ohio dizeli ni senti 47 kwa galoni tangu Julai 2019, na mnaofanya hesabu za IFTA, ule mkataba wa majimbo wa kugawana kodi ya mafuta ya malori, mnajua kwamba mwisho wa siku kodi ya jimbo inagawanywa kwa maili ulizotembea kila jimbo).

Hizo senti zinaingia kwenye mfuko wa barabara ulioanzishwa 1956 enzi za rais Eisenhower, wakati wanaanza kujenga Interstate, zile barabara kuu zinazounganisha majimbo. Ndani ya mfuko kuna vyungu viwili, kikubwa cha barabara na kidogo cha mabasi na treni za mjini, ambacho kinapata senti 2.86 kwa kila galoni.

Tatizo ni kwamba kodi hiyo haijapandishwa tangu 1993. Fikiria bei ya kitu chochote mwaka 1993 halafu linganisha na leo. Magari nayo yanakunywa mafuta kidogo kuliko zamani, ya umeme hayapiti pampu kabisa, kwahiyo tangu 2008 Kongresi inaongezea kutoka hazina kuu, na jumla imeshapita dola bilioni 270. Yaani ule usemi wa "barabara zinalipiwa na wenye magari" ulishakufa zamani, watu hawajaenda tu kwenye mazishi.

Kwa waliotoka nyumbani, mfuko huu na kodi yake ni ndugu wa ile tozo ya mafuta ya Kenya iliyopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, au Mfuko wa Barabara wa Tanzania. Na ugomvi ni ule ule, nani ashike hela, serikali kuu au walio chini.

Kwahiyo serikali kuu ndo inajenga barabara?

Hapana, na hili watu hawaamini. Hata Interstate 70 na 71 zinazokatiza hapa kwetu ni mali ya jimbo. Washington inatoa hela na masharti, jimbo linachora, linatangaza tenda, linasimamia mkandarasi, linafagia theluji. Mitaa ya ndani ni ya jiji. Kwa Mtanzania fikiria TANROADS na TARURA, haifanani sawasawa lakini itakusaidia kujua ukalalamike wapi kuhusu shimo la mbele ya nyumba yako, maana nimeona watu wanamwandikia mbunge wa Washington kuhusu shimo ambalo ni la jiji, simu moja tu linazibwa.

Ruzuku ziko za aina ngapi?

Kwa ukubwa, mbili. Ya kwanza ni mgao wa fomula. Hakuna mashindano, sheria imeandika kila jimbo linapata kiasi gani, linapata kila mwaka. Hii ndo sehemu kubwa ya hela yote na ndo haipigiwi kelele, hakuna anayekata utepe kwa ajili ya fomula. Ya pili ni ya kushindania, unaandika maombi kurasa na kurasa, unapigiwa hesabu ya faida na gharama, halafu unasubiri waziri wa usafiri atangaze.

Kuna na ya tatu ya pembeni, mbunge kuchomeka mradi wa kwao moja kwa moja kwenye sheria. Ile iliharibu jina 2005 na daraja la Ketchikan, Alaska, kwenda kisiwa cha Gravina chenye wakazi wachache kabisa na uwanja wa ndege, zaidi ya dola milioni 220. Daraja halikujengwa. Mtindo ulipigwa marufuku 2011, ukarudi 2021 na jina jipya na masharti ya kujitangaza wazi.

BUILD, RAISE, TIGER ni vitu vitatu?

Ni kitu kimoja, ruzuku ya kushindania, kinabadilisha shati. Kilianza 2009 kama TIGER na dola bilioni 1.5 wakati uchumi umeanguka, 2018 kikawa BUILD, 2021 RAISE, 2025 kikarudi kuwa BUILD. Kila utawala unataka jina lake. Kazi yake haijabadilika sana: mradi mmoja haupati zaidi ya dola milioni 25, nusu ya hela iende vijijini na nusu mijini, na jimbo moja lisichukue zaidi ya asilimia 15. "Kijijini" hapa maana yake nje ya eneo la mjini lenye watu zaidi ya 200,000, kwahiyo kuna miji kabisa yenye taa za barabarani na Walmart inahesabiwa kijiji.

Uzuri wa hii ni kwamba jiji linaomba lenyewe bila kupitia jimbo. Kila mwaka maombi yanazidi hela kwa mbali sana, ukikosa unaambiwa wapi umepungukiwa, unarudi mwakani.

Miradi minene ina vyungu vyake. Ukishuka na I-71 mpaka Cincinnati utaliona daraja la Brent Spence, wenzetu wa malori mnalijua, foleni yake inakutoa machozi. Desemba 2022 lilipewa zaidi ya dola bilioni 1.6 za ruzuku kwa ajili ya kujenga daraja jipya pembeni na kukarabati la zamani, wakati huo gharama yote ikikadiriwa bilioni 3.6. Kumbuka hesabu hiyo, hata ruzuku kubwa namna ile haikufika nusu.

Hiyo iliyobaki anatoa nani?

Wenyeji. Kwa kawaida serikali kuu inatoa mpaka asilimia 80 kwa barabara nyingi, 90 kwa Interstate, na jimbo au jiji linatafuta iliyobaki. Kwa BUILD, vijijini na kwenye maeneo yenye umaskini wa muda mrefu wanaweza kusamehewa huo mchango kabisa.

Hapa ndo kura yako inapoingia. Tarehe 5 Novemba 2024 watu wa Columbus tulipigia kura hoja namba 47, kuongeza nusu senti kwa kila dola unayonunua, ili mamlaka ya mabasi iwe na hela ya njia za mabasi ya haraka, safari zaidi, na vijia vya miguu. Ikapita. Watu wengi kwenye grupu letu walikasirika, "si serikali kuu inatoa hela, sisi tunakatwa ya nini?" Tunakatwa kwa sababu Washington haimpi mtu aliyekuja mikono mitupu. Ni kama mchango wa harusi, shemeji atatoa kubwa lakini lazima aone familia yenyewe imeanza.

Waziri alishatangaza hela mwaka juzi, mbona hakuna hata koleo lililoshuka?

Swali zuri na linachosha kulijibu. Siku ya kutangaza kuna lile hundi la kadibodi kubwa kama mlango, picha zinapigwa, watu wanapiga makofi, na hundi lile halina hela. Baada ya hapo mnasaini mkataba wa ruzuku, ambao wenyewe unaweza kula mwaka na zaidi. Mnafanya uchunguzi wa mazingira kwa sheria ya 1970. Mnalipa fidia ya viwanja, mnahamisha mabomba na nguzo za umeme za watu. Chuma lazima kifuate masharti ya kununua bidhaa za Marekani.

Halafu, na hili ndo watu wengi hawalijui, hela za barabara kwa sehemu kubwa ni za kurudishiwa. Jimbo au jiji linamlipa mkandarasi kwanza, linapeleka bili, Washington inarudisha asilimia yake. Mji mdogo wenye akaunti nyembamba unaweza kushinda ruzuku na bado ukahangaika kwa sababu hauna cha kutanguliza.

Kwanini wananunua mabasi mapya yanang'aa halafu wanapunguza safari? Hizo hela si wangewalipa madereva?

Kwa sababu hela za serikali kuu zina kuta. Kwenye miji yenye zaidi ya watu 200,000 mgao wa mabasi kwa kawaida ni wa kununua na kujenga, basi, gereji, kituo, matengenezo makubwa, sio mshahara wa dereva wala mafuta. Miji midogo na vijijini wanaruhusiwa kutumia kuendesha, lakini hapo Washington inabeba nusu tu ya pengo. Kwahiyo basi jipya limelipiwa asilimia 80 na Washington na dereva wake ni juu ya kodi na nauli zenu. Ukuta ulishushwa 2020 wakati wa korona, Kongresi ikatoa dola bilioni 25 kwa mpigo kwa usafiri wa umma na zikaruhusiwa kulipa mishahara, ndo maana mabasi yalitembea matupu na hayakusimama. Hela ile ilipoanza kuisha miji kibao ikaanza kukodoa macho.

Binafsi naona ukuta huu ni wa kijinga, basi bila dereva ni bango la matangazo, lakini ndo sheria.

Mikopo nayo? Serikali inamkopesha vipi serikali mwenzake?

Tena kwa masharti ambayo wewe na mimi benki ingetucheka. Mkopo maarufu unaitwa TIFIA, ulianza 1998. Wazo lake: mradi kama barabara ya kulipia au reli ya mjini utaingiza hela baadaye, lakini hela ya kujengea inahitajika leo. Washington inakopesha kwa riba inayokaribia ile inayokopea yenyewe, bila kujali jimbo au jiji lenyewe soko lingelipandishia kiasi gani, na mradi wa kijijini unaweza kupata nusu ya riba hiyo. Kwa kawaida unalipa mpaka miaka 35 baada ya kazi kukamilika, na unaweza kupumua miaka mitano ya mwanzo kabla ya kuanza kulipa. Sheria inaruhusu mkopo mpaka asilimia 49 ya gharama, japo kwa miaka mingi walikuwa wanakomea theluthi.

Sio hela ya bure. Lazima uoneshe chanzo cha kulipia, iwe tozo ya kupita, iwe kodi ya mauzo, na lazima kampuni za kupima mikopo zikupe alama ya kuaminika. Los Angeles ndo mfano ninaoupenda. Mwaka 2008 wapiga kura walikubali nusu senti ya kodi ya mauzo kwa miaka 30, na mamlaka ya usafiri ya kaunti badala ya kusubiri senti zidondoke moja moja ikakopa TIFIA dola milioni 545.9 mwaka 2012 kwa ajili ya reli ya Crenshaw, walioifungua Oktoba 2022. Senti za miaka ijayo ndo zinalipa reli ya leo.

Reli kubwa wana mkopo wao, RRIF, wenyewe unaweza kubeba hata gharama yote. Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, walichukua dola bilioni 2.45 mwaka 2016 kwa treni mpya za kasi za Acela.

Kukopa kunahesabika kama mchango wa wenyeji?

Kunaweza, kama wa kulipa ni wenyeji na sio hela nyingine ya Washington. Handaki la reli chini ya mto Hudson, kati ya New Jersey na New York, sehemu ya wenyeji ni mikopo ya RRIF karibu dola bilioni 4 ambayo majimbo mawili na mamlaka ya bandari yao ndo wataibeba.

Na wakishindwa kulipa?

Imetokea. Barabara ya kulipia ya South Bay Expressway, San Diego, ilikopa TIFIA dola milioni 140, ikafunguliwa Novemba 2007, uchumi ukaanguka, nyumba zilizotarajiwa kujengwa kule hazikujengwa, magari hayakuja, Machi 2010 wenyewe wakaenda mahakamani kufilisika. Kwenye karatasi mkopo wa serikali ulikuwa nyuma ya wa mabenki, lakini sheria ina mtego: mkopaji akifilisika mkopo wa serikali unaruka na kusimama sawa na wengine mbele. Mwaka 2011 mamlaka ya mipango ya San Diego wakainunua barabara ile kwa kama dola milioni 345 na wakashusha tozo. Kwahiyo usiogope kwamba barabara itang'olewa, lami haipigwi mnada vipande.

Daraja likianguka leo, lazima tushindanie ruzuku?

Hapana, kuna chungu cha dharura. Tarehe 26 Machi 2024 usiku wa manane meli ya Dali iligonga daraja la Francis Scott Key pale Baltimore, wafanyakazi sita waliokuwa wanaziba mashimo juu yake wakafa, wote wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Siku mbili baadaye dola milioni 60 za kwanza zilishaidhinishwa. Desemba mwaka huo Kongresi ikakubali serikali kuu ibebe asilimia 100 ya kulijenga upya. Wale sita huwa nawafikiria kila nikipita sehemu ina makoni ya rangi ya chungwa usiku.

Washington ikibadilika mawazo inaweza kunyang'anya?

Ruzuku ya kushindania, ndiyo wanajaribu, na mara nyingi inaishia mahakamani. Treni ya kasi ya California ilifutiwa dola milioni 929 mwaka 2019, ikarudishiwa 2021, Julai 2025 ikafutiwa tena, safari hii kama bilioni 4. Na jimbo nalo linaweza kujitoa, gavana Chris Christie wa New Jersey aliua handaki la zamani la Hudson 2010, Washington ikadai irudishiwe dola milioni 271 zilizokwishatumika, wakamalizana kwa milioni 95.

Mgao wa fomula ni mgumu zaidi kuuchezea, lakini Kongresi inaweza kuufunga kamba. Unajua kwanini umri wa kunywa pombe ni 21 nchi nzima? Mwaka 1984 waliambia majimbo, usipoweka 21 tunakukata hela za barabara. South Dakota ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, ikashindwa 1987.

Nina kampuni ndogo, malori mawili ya kubeba mchanga. Naingilia wapi?

Kwa mkandarasi mkubwa aliyeshinda tenda, sio kwa serikali moja kwa moja. Kuna usajili unaitwa DBE wa biashara ndogo za watu waliobanwa kijamii na kiuchumi. Uangalifu hapa: mpaka Oktoba 2025 mtu mweusi au mwanamke alikuwa anahesabiwa moja kwa moja kuwa amebanwa, kanuni mpya imeondoa hilo, sasa kila mtu anaandika historia yake mwenyewe na kuthibitisha, na hata waliosajiliwa zamani wanapitiwa upya. Usimlipe mtu kukujazia, ofisi za jimbo zinasaidia bure.

Ukipata kazi, kuna sheria ya Davis-Bacon ya 1931, mishahara ya mafundi eneo la kazi ina kima chake kwa kila kaunti na unapeleka orodha ya malipo kila wiki. Mkongo mmoja hapa alipiga kazi vizuri kabisa, ila karatasi za malipo akaziweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti cha lori mpaka kazi inaisha, hela yake ikazuiliwa miezi minne. Lori likiwa safi na karatasi chafu, hulipwi.

Hii sheria ya sasa inaisha lini?

Ile kubwa iliyosainiwa 15 Novemba 2021 na Biden imeandikwa mpaka 30 Septemba 2026. Kongresi wakichelewa kutunga nyingine huwa wanairefusha ya zamani vipande vipande, ndo tabia yao.

Mtu wa kawaida anasikika wapi?

Mapema, kabla ya trekta. Kila eneo la mjini lenye watu zaidi ya 50,000 lina chombo cha mipango kinaitwa MPO, hapa kwetu ni MORPC. Kinaandika orodha ya miradi ya angalau miaka minne, na mradi usiokuwa kwenye orodha haugusi hela ya serikali kuu hata kama unampenda meya. Kabla ya kuipitisha lazima waiweke wazi watu watoe maoni. Mkutano wenyewe huwa maktaba, jioni, ramani mezani, stika za duara, biskuti, watu tisa, saba wastaafu.

Kuhusu lugha, sheria ya haki za kiraia ya 1964 bado inawabana wanaopokea hela hizi wasibague kwa asili ya mtu. Ile amri ya rais ya mwaka 2000 iliyosisitiza tafsiri ilifutwa Machi 2025, lakini ofisi nyingi ukiomba mkalimani mapema wanaleta, omba wiki moja kabla, na kwa maandishi.

Mkutano wa mwisho niliotafsiri alikuja mama mmoja wa Kibantu na mjukuu, hakusema kitu dakika arobaini. Mwishoni akachukua stika nyekundu akaibandika kwenye kituo cha basi karibu na ghala anakofanya kazi, akaniambia, waambie pale hakuna pa kukanyaga, wakati wa theluji tunatembea ndani ya barabara na malori yanapita hapa, akaonesha kwa kiganja umbali wa bega lake. Mhandisi akauliza saa ngapi. Mama akasema saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Mhandisi akaandika. Orodha iliyofuata ilikuwa na mstari mmoja: kijia cha miguu, hela ya usanifu tu, ujenzi mwaka mwingine. Nilimpigia kumwambia, akauliza mwaka upi.